Zamu ya Dada

4 Februari

Dada yangu,

Salamu zikufikie wewe, Baba, Mama mdogo na majirani wote wanaoniulizia, hata wale wanaouliza ili wapate la kusema. Mimi mzima. Kikohozi cha mwezi uliopita kimeniacha, yamebaki mazoea ya kukohoa nikipanda ngazi. Utacheka, fundi wa lifti anayepanda ngazi. Lakini lifti ikiwa nzima hawaniiti, na ikiwa mbovu haipandiki, kwa hiyo tangu nianze kazi hii mimi ni mtu wa ngazi tu.

Mwambie Baba asiifungue tena ile redio kwa bisibisi. Nitaitazama nikija. Mguu wa Mama mdogo je?

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi, na jambo nililo nalo lina sentensi nyingi. Katika jengo mojawapo ninalohudumia, ghorofa ya sita, anakaa mwalimu mstaafu. Kabla ya mwaka kwisha lifti ilisimama naye ndani, katikati ya ghorofa mbili. Nilipomtoa hakunipa hela ya soda. Alinipa kitabu. Akasema, "Nimekisoma humu ndani nikikusubiri, kijana. Nadhani kitakufaa kuliko mimi. Mimi nimeshazeeka nacho mfukoni."

Ni kitabu cha fedha, chenye jalada la kijani. Kinasema kabla hujamlipa mwenye nyumba na mwenye duka, jitengee kwanza fungu lako wewe. Kinasema weka akiba ya dharura itakayokulisha miezi sita, na usiiguse. Kinasema kujitegemea si utajiri. Ni kuweza kusema "sitaki" asubuhi na jioni bado ukala. Hapo nilikifunga nikaanza kutembea chumbani. Chumba chenyewe unakijua, ukitembea kidogo umegonga kitanda.

Jumatatu Bosi alinituma kwa dobi. Mimi mwenye cheti cha umeme nimesimama foleni na risiti ya suruali ya mtu. Nilikuwa nimezoea, Dada. Sasa siwezi tena kuzoea, na kosa ni la kitabu.

Nataka kufikia Desemba niwe najitegemea. Mimi, begi langu la spana, na majengo yangu mwenyewe ya kuhudumia. Ili nifike huko kila senti lazima iwe na kazi, na ndiyo sababu inabidi niseme habari ya upatu. Tuko wanne, tunatoa fungu kila mwezi, na kila baada ya miezi mitatu mmoja wetu anapokea lote. Mimi nilipokea wa kwanza, Novemba, nikalipia chumba. Mwisho wa mwezi huu ni Mama mdogo, Mei ni binamu yetu mwokaji, Agosti ni wewe. Pesa inazunguka, inarudi ilipotoka, haijazaa hata mtoto mmoja. Naomba nitoke baada ya zamu ya Mama mdogo. Ninachodaiwa nitakilipa kidogokidogo nikishasimama. Sikimbii. Wewe ndiye mshika pesa, ndiyo maana nakuambia wewe kwanza.

Kitabu nimekitia kwenye kifurushi cha dawa za Baba. Kisome kabla hujakasirika.

Ni mimi mdogo wako,
Sisimizi


9 Machi

Sisimizi,

Barua yako iliwahi, aliyechelewa ni mimi. Ni msimu wa sare za shule, na Mzee Rula anatushonesha mpaka sindano zinapata moto. Baba hajambo. Redio aliifungua siku ileile niliyomsomea onyo lako, sasa inashika stesheni moja tu, ya mahubiri, na anaisikiliza kwa hasira. Mama mdogo mguu umepungua uvimbe. Zamu yake alipokea kamili, mabati mapya yako juu ya nyumba, na mvua ya juzi alikaa mlangoni akiitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Kitabu nakisoma kazini, wakati pasi inapata moto. Mzee Rula akaniuliza, "Kinahusu nini hicho?"

Nikamwambia, "Kinafundisha mtu kuacha kazi."

Akakichukua, akakipima urefu na upana kwa ile rula yake ya mbao, akanirudishia. "Kidogo," akasema. "Hakina nguvu ya kumwachisha mtu kazi." Wenzangu walicheka hadi mmoja akajichoma kidole.

Habari ya upatu nimeisoma. Sijaijibu bado. Toa fungu la Machi wakati nafikiri.

Kula vizuri. Sauti yako kwenye simu ya Baba ilikuwa nyembamba.

Dada yako


28 Machi

Dada,

Nashukuru kusikia mabati ya Mama mdogo. Baba mwambie mahubiri hayajamuua mtu.

Nimehama. Nakaa sasa na mlinzi wa lile jengo la mwalimu mstaafu. Yeye anarudi asubuhi mimi natoka, kwa hiyo tunapishana kwenye kitanda kimoja na godoro halipati hata nafasi ya kupoa. Kodi imekuwa nusu. Nimeacha chai ya saa nne. Nimeacha gazeti. Kila jioni naandika kwenye shajara tarehe, lifti nilizozigusa, na vitu nilivyokataa kununua. Hivyo nilivyokataa ndivyo vinavyojaza ukurasa.

Lakini situlii. Zamani nilikuwa nikiingia kwenye chumba cha mashine juu ya paa, nasikiliza mota inavyovuta, nafsi inapoa. Siku hizi nikiisikia nafikiria nani analipwa kwa mzunguko ule. Kamba za chuma zinapanda na kushuka, watu wanapanda na kushuka, na Bosi ambaye hajui tofauti ya breki na bawaba ndiye anayekwenda benki.

Fungu la Machi sikutuma. Nimeliweka kwenye akiba ya dharura. Sikutaka ulisikie kwa mtu mwingine.

Nakutumia kitabu cha pili, chenye jalada jekundu. Hiki kinahusu kukataa. Sura ya nne isome mara mbili. Inafundisha namna ya kumkatalia ndugu bila ugomvi. Unasema hapana, hutoi sababu, unanyamaza. Sababu ndiyo inayoleta mabishano, kinasema. Nilipoisoma nilikufikiria wewe. Sidhani kama nimewahi kukusikia ukimkatalia mtu kitu, tangu tuko watoto. Hata mume wako ulimwacha bila kutamka neno hilo, ulibeba tu cherehani yako ukarudi kwa Baba.

Nijibu basi ya upatu.

Sisimizi


30 Aprili

Sisimizi,

Baba hajambo. Mama mdogo hajambo. Binamu hajambo.

Sura ya nne nimeisoma mara mbili kama ulivyoniagiza.

Hapana.

Dada yako


7 Mei

Dada,

Nimepokea barua yako. Nilidhani kurasa nyingine zimenasa ndani, nikaipasua bahasha mpaka mshono wa chini.

Haya, nimeelewa. Nimekupa kisu na umenichoma nacho. Lakini mimi nilitoa sababu zangu, na wewe hata sababu moja hukunipa. Pesa hiyo unaitakia nini hasa? Kodi hulipi, unakaa kwa Baba. Kazi unayo, na Mzee Rula hata akikupima kwa rula hawezi kukufukuza, maana anayezijua kola za shule yote ni wewe. Kama kuna shida iseme. Kama hakuna, basi unanishikilia kwa sababu ya kunishikilia, kama ulivyokuwa ukinishika mkono tukivuka barabara hata nilipokuwa nimekuzidi urefu.

Jambo la pili. Juzi nimeacha kazi.

Bosi aliniambia nishuke nikaoshe gari lake kabla ya wageni. Nikasema, "Sitaki."

"Hutaki nini?"

"Kuosha gari."

"Na kazi?"

Alikuwa anatania, nadhani. Mdomo wangu ukasema, "Na kazi."

Akaniangalia kama mtu anayesikiliza lifti inayokwaruza mahali asipopajua. Kisha akasema, taratibu, "Haya. Funguo za vyumba vya mashine ziache mezani."

Nilikuwa na akiba ya miezi minne, si sita. Najua. Kitabu kilisema sita. Kuna siku mguu unatangulia kichwa, na kichwa kikifika kinakuta mambo yameshaamuliwa.

Nilitoka pale nikatembea mji mzima. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Jioni furaha ilikuwa imekwisha na miguu bado inataka kwenda.

Usimwambie Baba.

Sisimizi


19 Juni

Dada,

Hujanijibu. Huenda barua zimepishana, au huenda umesoma sura nyingine.

Salamu kwa wote. Mimi mzima, kazi zipo zipo.

Jana binamu alikuja huku kutafuta mkanda wa ile mashine yake mpya ya kukandia unga. Alinikuta kituo cha mabasi, nilikuwa napita. Tuliingia mkahawani. Akaagiza sahani mbili, tukala. Akaagiza ya tatu, akaisogeza upande wangu, akaendelea kuzungumzia hamira. Kisha akafuta mikono, akanishika bega.

"Ndugu yangu, ahsante sana."

"Ya nini?"

"Ya upatu. Nimepokea kamili. Kusema kweli sikutegemea, nilishasikia umeacha kazi."

"Umesikia wapi?"

"Kwa Baba yako."

Kwa hiyo Baba anajua. Haya.

Akaendelea, "Watu walisema, Sisimizi huyo, keshapokea yake, sasa ndiyo kwaheri. Mimi nikawaambia subirini. Siku ya siku dada yako akaniletea bahasha, nikaihesabu mbele yake, haikupungua. Nilijisikia vibaya kwa yale niliyoyafikiria moyoni."

Nikamwambia, "Usijali."

Ndivyo nilivyosema, Dada. Usijali. Nilipokea shukrani ya mtu kwa kitu nisichokitoa, nikaimeza pamoja na sahani yake ya tatu. Machi sikutoa. Aprili sikutoa. Mei sikutoa. Na mwezi huu pia bado. Nani alitoa?

Nijibu. Hata kwa neno moja, kama ulivyozoea.

Sisimizi


6 Julai

Mdogo wangu,

Hatujambo sote. Baba ana mafua. Kuacha kwako kazi hakuna aliyemwambia. Ulimpigia simu saa tano asubuhi, siku ya kazi, kumuuliza anavyoendelea. Alipokata akasema, "Huyu ameacha kazi," akarudi kwenye mahubiri yake.

Aliyetoa ni mimi. Nani mwingine? Mama mdogo ana mguu mmoja na nusu, na binamu ndiye aliyekuwa anapokea. Mshika pesa akipungukiwa hawezi kwenda mlango hadi mlango akitangaza kwamba mdogo wake amesoma kitabu. Nilikujazia miezi mitatu.

Uliniuliza pesa naitakia nini, nami nilikunyamazia. Sasa nakwambia.

Karibu na shule ya msingi kuna chumba chenye dirisha kubwa linalotazama geti. Zamani humo iliuzwa mbolea, bado kinanuka. Nimeshakipima kwa utepe, nikamdanganya mwenye chumba kwamba kuna mtu anataka kupawekea pazia. Meza ya kukatia inaingia, cherehani yangu inaingia, na kona ya kulia inatosha mashine ya ovaloki, ile inayopinda na kufunga kingo za nguo kwa pamoja. Bila hiyo shule hazikupi kazi, kingo zinafumuka watoto wakicheza. Mwenye chumba amenipa mpaka mwisho wa Agosti. Baada ya hapo anampa muuza makava ya simu.

Kuhusu Mzee Rula umekosea. Januari mkwe wake anakuja na mashine za kisasa. Mzee aliniita pembeni, mwenyewe ana haya, akaniambia, "Wewe utabaki kwenye vifungo." Miaka yote hii nimekata kila kola iliyotoka mle ndani, na mwishoni nibaki kwenye vifungo.

Kile kitabu chako cha kijani nilikisoma chini ya meza ya kukatia, nikakimaliza nikakianza upya. Usifikiri ni wewe tu. Kila unachokitaka mimi nakitaka tangu hujaota ndevu. Kusema "sitaki" asubuhi na jioni nikala, nilikuwa nalijua wazo hilo, nilikuwa silijui jina lake.

Kitabu hakisemi uongo. Ila yule aliyekiandika, nimemtafuta mama yake ukurasa baada ya ukurasa simwoni. Dada hana. Binamu hana. Ameamka asubuhi moja akiwa mtu mzima mwenye mshahara, akaanza kujiwekea akiba. Ningependa kujua ni nani aliyemlipia chumba cha kwanza.

Sasa ile hapana yangu. Ningekupa sababu, ungekubali kwa huruma. Sikutaka huruma yako, nilitaka zamu yangu. Halafu kuna jambo jingine, gumu kidogo kuliandika. Wewe ulikuwa umeniandikia kurasa nzima kwamba hutaki tena kumtegemea mtu. Na mimi, kwa kila hesabu niliyoipiga, nilikuwa nakutegemea wewe.

Hali ilivyo ni hii. Ukihesabu niliyokujazia, pamoja na yako ya miezi hii mitatu ya zamu yangu, napungukiwa mafungu sita. Zamu bila mafungu hayo inalipia chumba au inanunua mashine. Chumba bila mashine ni stoo. Mashine bila chumba ni fanicha ya Baba kuwekea redio.

Sikuombi. Umeuliza, nimekueleza.

Na hizo kazi zako "zipo zipo", ziko wapi? Binamu anasema ulikula kama mtu aliyetoka safari.

Dada yako


3 Agosti

Dada yangu,

Pole kwa mafua ya Baba. Mwambie nimeelewa kwamba yeye hadanganyiki, nisamehewe.

Barua yako nilikaa nayo mwezi karibu mzima. Nimeisoma kwenye ngazi za watu, kwenye benchi la kituo, na mara moja kwenye foleni ya choo cha kulipia, hadi mtu wa nyuma akaniuliza kama naingia au nasoma.

Kazi hazipo. Nimeingia kwa wasimamizi wa majengo wengi wa mji huu. Wananiuliza, "Kampuni yako inaitwaje?" Nikisema ni mimi mwenyewe, wanachungulia nyuma yangu kuona kama kuna mtu mwingine anakuja. Wanataka bima, wanataka mhuri, wanataka namba ya simu itakayopokelewa na msichana. Mimi nina spana. Nikishatoka natembea, na popote ninapopita nasikia lifti za watu wengine, hii breki imelika, ile inahitaji grisi, na hakuna anayeniuliza. Mlinzi, mwenzangu wa kitanda, ananiambia, "Kaa chini hata kidogo, unanichosha na mimi niliyelala."

Akiba ya dharura ilikuwepo bado, sehemu yake. Nilikuwa nakula mara moja ili isiishe. Nikafungua shajara nilikokuwa nimenakili kanuni za kile kitabu cha kijani. Dharura ni ugonjwa, moto, au kupoteza kazi. Nilijua mimi mwenyewe nimo humo, kwenye la tatu. Nikaisoma tena na tena nikitafuta mahali pa kukuweka wewe. Hupo. Nikaingiwa na hasira kwamba natafuta ruhusa ya kukulipa kwa mtu asiyekujua.

Nimekutumia leo mafungu yote sita, angalia simu ya Baba. Kilichobaki kinanifikisha katikati ya mwezi.

Baada ya kutuma nilienda kwa Bosi, nikiwa nimeshiba hofu. Alikuwa anakula.

"Umerudi?"

"Hapana. Nimekuja kuuliza zile lifti mnazozikimbia."

Akaacha kutafuna. "Zipi?"

"Ile ya mizigo kwenye ghala la unga. Ya hospitali ya zamani, inayotoa moshi. Zile ambazo kila mwezi mnaandika kwamba mmezipitia na hamjazipitia. Zibaki kwenye bima yako, kazi nifanye mimi, unilipe kwa kila lifti. Situmwi dobi."

Alicheka. Tangu nimfahamu sijawahi kumwona akicheka, ana meno mazuri kumbe. Akasema, "Kitabu gani umesoma wewe?" Alinipa mbili za kujaribia. Ile ya unga ukifungua mlango wa shimo unatoka mweupe kama uliyefufuka.

Sijui kama huku ni kujitegemea. Bado kuna mtu juu yangu, ila siku hizi namkuta kwa miadi.

Usiniandikie ahsante. Nikiisoma nitatamani kuirudisha.

Sisimizi


14 Septemba

Mdogo wangu,

Basi sikuandikii. Nakuandikia habari tu.

Chumba nimepata, siku moja kabla ya muuza makava. Nimekisugua kwa sabuni na majivu, na harufu ya mbolea ikitoka mlangoni inarudi dirishani. Ovaloki iko kona ya kulia. Siku ya kwanza ilikata uzi kila dakika, nikalia kidogo, nikasoma maelekezo, nikakuta nimeitia sindano kinyume.

Shule imenipa sketi tu. Suruali na mashati wamebaki kwa Mzee Rula. Nilidhani nitaumia, lakini sketi zenyewe ni nyingi na mikono ni miwili. Mzee alikuja kunitembelea. Alipima upana wa mlango, akasema, "Meza ya pili itapita," akaondoka. Nadhani ilikuwa baraka. Kwake yeye huwezi kujua.

Nalala vibaya. Zamani nikifunga mkasi siku imekwisha. Sasa naamka nikifikiria umeme, kodi, geti la shule likifungwa likizo. Vitabu vyako havikusema kwamba mtu akiwa huru anakuwa na wasiwasi wake mwenyewe, zamani nilikuwa na wa Mzee Rula. Nimeanza kujitengea fungu kabla ya kodi. Dogo, lakini lipo. Hilo nimelichukua kwenye kitabu na sirudishi.

Sasa jambo lenyewe. Jumapili tulikaa kwa ajili ya upatu mpya. Nimeweka sharti moja, hatoki mtu kabla wa mwisho hajapokea. Mama mdogo anataka wa kwanza, anataka madirisha. Mimi nimesema wa pili, sijui likizo itanikutaje. Binamu anasema popote.

Akauliza, "Na Sisimizi?"

Mama mdogo akasema, "Huyo mpeni hiyo ya kwanza, akikimbia tujue mapema." Akajicheka mwenyewe mpaka akashika mguu.

Baba akazima redio. Unajua hajawahi kuizima kwa ajili ya mtu. Akasema, "Mwulizeni mwenyewe."

Kwa hiyo nakuuliza. Umo au humo? Na kama umo, zimebaki nafasi mbili, ya tatu na ya mwisho. Binamu atachukua utakayoiacha. Ukisema hapana, safari hii nitaelewa, na sababu sitaitaka.

Dada yako


25 Septemba

Dada yangu,

Salamu kwa Baba, kwa Mama mdogo na mguu wake, kwa binamu, na kwa ovaloki.

Bosi ameniongezea lifti mbili mbovu. Mwenye ghala la unga analipa kwa kuchelewa na kwa manung'uniko, lakini analipa. Nimeirudia chai ya saa nne. Bado natembea sana, sidhani kama hilo litaniacha.

Barua yako niliisoma mchana, nimekaa juu ya kichwa cha ile lifti ya unga, shimoni. Nilifikiria nafasi ya tatu. Mtu wa tatu anapokea na bado kuna mwenzake nyuma yake. Wa mwisho hana mtu nyuma. Ametoa mwaka mzima, na kilichobaki ni kungoja watu watatu wakumbuke. Wewe ulikaa hapo, ukiniandikia habari za mabati na mahubiri. Nilijaribu kujiweka mahali hapo kwa muda wa kupaka grisi upande mmoja tu, sikuweza kutulia.

Niandike wa mwisho.

Usiniulize kama nina hakika, maana sina. Fungu la kwanza nimelituma kabla ya kuanza kukuandikia, ili kesho nikiamka na akili nyingine nikute limeshakwenda.

Mdogo wako,
Sisimizi